Saga Nilizoziua kwa Pampu

Saga za mke wangu niliziua mimi. Si jua, si wadudu, si maji ya mtu yeyote. Nimeanza hapo kwa sababu nikianzia kwingine nitajitetea, na kujitetea ninakujua sana. Watu wa huku watakuambia.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilienda kuchuma majani ya chai kwenye shamba la kampuni nikiwa na kikapu kilichonigonga visigino kila hatua. Hakuna mtu aliyenipa kitu. Shamba langu la kwanza nilinunua kabla sijaoa, la pili baada ya kuoa, na chai yote iliyo hapo nilipanda kwa mikono hii. Upande wetu huu wa Kimulot, mtu akiwa na chai hadi mlangoni watu wanamheshimu. Mimi yangu ilifika chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ukifungua dirisha kwa nguvu unapiga majani.

Kwa hivyo mke wangu alipoomba mahali pa kupanda mboga, nilimwambia mboga ziko sokoni. Akaomba mwaka mwingine. Nikamjibu vilevile. Mwishowe nikampa kipande nyuma ya jiko, pale chai ilikuwa imekataa kushika kwa sababu ya mawe, na siku hiyo nilijiona mtu mkarimu.

Alitoa mawe moja moja, akayapanga kuzunguka vitanda vya mboga ili udongo usibebwe na mvua. Alichimba chini akaweka samadi na majivu. Juu akafunika kwa nyasi kavu na vijiti vya chai tulivyokata wakati wa kuipunguza, ndiyo unyevu usipotee. Sukuma wiki aliziwekea chupa za plastiki, zimesimama kichwa chini, kifuniko kimetobolewa kwa sindano, maji yanadondoka polepole kwenye mizizi siku nzima. Lakini sukuma wiki hazikuwa za moyo wake. Za moyo wake zilikuwa mboga za nyumbani: managu, terere, nderema iliyopanda juu ya ukuta wa jiko, na zaidi ya zote saga, ile sisi tunaita isagek. Mbegu ya saga alipewa na mama yake alipoolewa. Kila mwaka, mvua fupi ikiisha, anachagua mashina yaliyo bora, anayaacha bila kuchuma jani, yazae mbegu wakati wa kiangazi. Mvua ya Machi ikianza anapanda, na nyingine anagawia akina mama wa chama chake cha kuchangiana. Saga ya dukani anasema haina ladha. Mimi nilikuwa nakula tu. Sikuwahi kuuliza ilitoka wapi.

Mtu aliyejua bustani hiyo karibu kama yeye ni jirani yetu. Huyo ni mama wa kutoka kule ziwani. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, upande wa moto wa kukaushia majani, na alipostaafu hawakurudi kwao. Walinunua nusu eka karibu nasi. Watoto wake wanaongea Kipsigis chetu vizuri kuliko wangu waliokwenda mjini. Yeye anaotesha miche ya mboga na kuuza sokoni, na hiyo ndiyo kazi inayoweka chakula mezani kwake. Alimletea mke wangu mboga za kwao, mitoo na mrenda, mke wangu akampa saga. Asubuhi anaingia kwetu akisalimu "Chamgei!" kabla hata hatujaona uso. Mimi alikuwa ananiita shemeji, na alikuwa akinitania mbele ya watu, na mimi nilikuwa namjibu. Tulikuwa hivyo.

Mwezi wa kwanza mke wangu aliteleza kwenye mtaro wa shamba la chai, akavunjika mguu. Hospitali ilimfunga plasta ikamwambia arudi kliniki kila wiki. Kutoka kwetu hadi barabarani ni mbali na kuna mawe, kwa hivyo dada yake aliye Merigi, karibu na barabara, akasema akae kwake hadi apone. Nilimpeleka kwa gari la kukodi. Kabla hatujatoka nyumbani aliniita nimsogeze hadi pale bustanini, akanionyesha kwa kidole kitanda cha mwisho.

"Hizi nimeacha zizae mbegu. Usichume hata jani."

"Nimesikia."

"Maji ni jioni. Kopo moja kwa shina moja. Chini, si juu ya majani. Tanki limebaki nusu, hakuna mvua hadi Machi, kwa hivyo usimwage kama mtu anayeosha gari."

"Nimesikia, mama."

"Mama jirani atakuja na maji yake ya kusuuzia vyombo, yale ya pili yasiyo na sabuni. Hayo ni ya maharagwe. Anajua. Mwachie tu."

Nilikasirika kidogo. Mtu amelima miaka yote hiyo anafundishwa kushika kopo. Lakini alikuwa na maumivu, nikanyamaza.

Wiki ya kwanza nilifanya alivyosema. Jioni naacha kazi zangu, nachukua kopo, nainama. Ni kazi ya kuchosha kuliko inavyoonekana. Shina, kopo. Shina, kopo. Mgongo unalia. Na bustani yenyewe iko pembeni mwa njia ambayo watu wanapita wakitoka kupeleka majani.

Hiyo njia ndiyo iliniponza. Siku moja nilifika kwenye kibanda cha kupimia majani, tumepanga magunia tukingoja lori. Mzee wa rika langu akaanza, kwa sauti ya kufika hadi kwa karani.

"Jana jioni nimepita hapo kwa huyu, nikaona mtu ameinama kwa mboga na kopo. Nikasema, mama amerudi!"

"Mguu umepona haraka hivyo?" mwingine akadakia.

"Nikaangalia vizuri. Nikaona mama ana ndevu."

Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Mzee, na nguo utatufulia lini?"

"Mwachieni mzee," karani akasema bila kuinua kichwa kutoka kwa mzani. "Labda ameolewa na hajatuambia."

Nilicheka nao. Nilicheka kuliko wote, na hiyo ndiyo tabia yangu nikichomwa. Nikasema kitu kuhusu mke wa yule mzee, wakacheka tena, tukapima majani, nikaenda nyumbani. Njiani nilikuwa nimeshaamua kwamba kopo sitashika tena watu wakiona.

Wewe unayesoma unaweza kusema ni upuuzi. Hata mimi nasema. Lakini mimi nililelewa na wanaume ambao mboga hawakuwahi kuigusa ila ikiwa sahanini. Mwanaume alikuwa na ng'ombe na chai. Kuinama nyuma ya jiko ilikuwa kazi ya mama na wasichana, na aliyeonekana huko aliimbwa kwa dhihaka. Nilikuwa nimejenga jina langu kwa jasho, na nikaona kopo la plastiki litalibomoa.

Basi nikafikiria pampu. Ile ya mgongoni, ya kupigia dawa. Mwanaume akiwa na pampu mgongoni hakuna anayemuuliza kitu. Mtu akipita anaona mkulima. Na kumwagilia kwa pampu ni haraka, unatembea wima, unanyunyiza, umemaliza.

Pampu hiyo mke wangu alikuwa ameiwekea sheria: haivuki jiko. Ilikuwa ya dawa ya magugu, ile tunayopiga kwenye mipaka ya chai na mitaroni. Mboga zake zikipata wadudu alikuwa anachanganya majivu na pilipili kwenye ndoo, anarusha kwa ufagio. Mimi nilikuwa nikiona ni mambo ya akina mama. Chupa ya dawa ina maandishi madogo mengi na sijawahi kuyasoma. Muuzaji wa agroveti, duka la dawa na mbegu, aliniambia vifuniko vingapi kwa pampu moja, na mengine nilijifunza kwa kuangalia.

Niliitoa ghalani jioni ile. Nilipoitingisha, kitu kikagonga chini: chubwi. Nilikuwa nimepiga dawa wiki iliyotangulia na kilichobaki sikumwaga, kwa sababu dawa ni ghali na mtu hamwagi. Nilijua ni dawa. Sitaki kuandika hapa kwamba nilisahau, ingawa hivyo ndivyo nilijaribu kujiambia baadaye. Nilijua. Nilisema moyoni, hiyo ni kidogo, nikijaza maji itapotea. Nikajaza.

Nilianza na kitanda cha saga za mbegu, nikaja managu, nikaja terere. Nilikuwa natembea polepole, wima, nikisukuma mkono wa pampu. Wanaume wawili walipita njiani wakanisalimia vizuri sana.

Nilipokuwa nakaribia maharagwe, mama jirani akatokea na beseni lake kichwani.

"Shemeji! Leo umeleta mashine?"

"Kazi iende haraka."

"Lakini mwenyewe huweka kwa shina. Akisikia umenyeshea juu ya majani, huo mguu mzima ndiyo atakupiga nao."

"Mimi nimelima kabla wewe hujafika huku."

Alicheka, akadhani ni utani wetu wa siku zote. Akashusha beseni, akachota kwa mkono, akamwagia maharagwe shina kwa shina, akaenda zake. Maharagwe sikuyanyunyiza, kwa sababu yalikuwa yamepata maji yake. Kumbuka hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka na nikajifanya sijalikumbuka.

Dawa hiyo haiui siku hiyo hiyo. Siku nne, tano, unaona mmea uko sawa. Siku ya saba nilienda asubuhi nikaona ncha za saga zimegeuka rangi. Haikuwa kukauka kwa jua. Jua hukausha jani pembeni, chini linabaki kijani. Hii ilianza katikati, pale jani changa linapotokea, manjano yaliyofifia, karibu nyeupe. Siku mbili baadaye managu pia. Terere zikalala.

Hayo manjano nilikuwa nayajua. Nimeyaona miaka mingi kwenye nyasi za mipaka ya chai, na kila mara nilikuwa nikiyaona nafurahi, nasema dawa imeshika. Na maharagwe, pale pale jirani, yalikuwa yamesimama kijani na maua yake.

Nilichofanya kwanza hakikuwa kumwita mtu wala kuomba msaada. Nilichukua pampu nikaiosha kwa sabuni mara tatu, bomba na mdomo wake, nikaitundika mahali pake. Mtu asiyejua kosa lake haoshi pampu mara tatu.

Jumapili baada ya kanisa nilienda Merigi kumwona. Alikuwa amekaa nje kwa dada yake, mguu juu ya kiti. Aliniuliza ng'ombe, nikamjibu. Aliniuliza majani, nikamjibu.

"Na saga zangu?"

"Zimekufa."

Alishusha kikombe. "Zote?"

"Zote. Managu pia."

"Ni jua? Ulikuwa unazipa maji?"

Hapo ndipo ningeweza kusema jua, na yangeisha. Lakini nikisema jua, maana yake sikuziangalia. Ni mimi tena. Na sikutaka iwe mimi kwa vyovyote vile. Mdomo wangu ukafunguka.

"Maji nilikuwa nazipa kila siku. Ni huyo jirani yako na mabeseni yake ya sabuni."

"Huyo? Hawezi. Yeye ndiye alinifundisha kutenga yale ya kwanza yenye sabuni."

"Mimi nimemwona kwa macho yangu akimwaga."

Na hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akimwaga. Mke wangu aliangalia barabara. Halafu akasema, "Mbegu ya mama yangu."

Nilidhani itaishia kati yetu. Sikujua kwamba kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshapiga simu kwa mwenzake wa chama, kwa uchungu, kulia tu na mtu. Huyo akaambia mwingine. Siku ya tatu mama jirani alisimama mlangoni kwangu, hakuingia.

"Shemeji, nasikia ati nimeua saga."

"Mimi sijui. Nimeona tu zimekufa."

"Lakini mimi nilimwagia maharagwe. Wewe ulikuwa hapo. Ulikuwa na pampu."

Nilimwangalia nione kama anajua. Hakuwa anajua. Alikuwa anataja tu alichoona.

"Sikuwa nakuchunga," nikamwambia.

"Sawa, mzee," akasema, akaenda. Mzee ni neno ambalo kila mtu huniita. Yeye hakuwa ameniita hivyo hata siku moja.

Siku ya soko nilienda kununua chumvi ya ng'ombe. Yeye alikuwa mahali pake, ametandika gunia, miche imepangwa kwenye makopo. Mama mmoja wa chama akapita, akainua mche mmoja, akaunusa.

"Hii nayo umeoshea vyombo?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mwingine akasema, "Peleka nyumbani uoshe masufuria, mama, si bustani za watu." Ilikuwa ni mzaha, watu wetu wanapenda mzaha. Lakini hawakununua. Jioni nilimwona akirudi na miche yake yote, imelegea kwa jua, na alinipita njiani akatazama mbele. Nilikuwa na nafasi hapo. Njia ilikuwa tupu, mimi na yeye tu. Nilihamisha mfuko wa chumvi kutoka bega hili hadi bega lile.

Mke wangu alirudi mwisho wa mwezi wa pili akitembea na magongo. Kabla ya kuingia nyumbani alienda nyuma ya jiko. Alichimbua shina moja la saga kwa ncha ya gongo, akaangalia mizizi.

"Hii ni sabuni gani inaua hadi mizizi?"

"Sabuni za siku hizi ni kali," nikasema.

Sijui nilitoa wapi uso wa kusema hivyo.

Mvua ilikuja kwa wakati wake. Ukiwa huku kwetu unajua harufu ya siku hiyo, na kila mtu anatoka na jembe. Mke wangu alitoka, akaandaa vitanda akiwa amekalia kiti kidogo kwa sababu ya mguu, akapanda malenge, akapanda sukuma wiki. Kitanda cha saga akakiacha wazi. Nilimwambia nitamnunulia mbegu agroveti. Akaendelea kufukia mbegu za malenge.

Jioni moja, mvua imekatika, mimi nimekaa nje nakunywa chai, nikaona mama jirani anakuja. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ile. Mkononi alikuwa na karatasi ya gazeti iliyokunjwa.

"Hii ni saga," akamwambia mke wangu. "Ni ile uliyonipa mwaka ule. Mimi pia nimekuwa nikiweka mbegu. Ni ile ile ya mama yako."

Mke wangu hakunyosha mkono. "Na hizo umezisuuza kwa sabuni gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikaa pale nikasikia hayo, na nilikunywa chai.

Yule mama aliweka karatasi juu ya mawe ya kitanda, akaweka jiwe dogo juu yake isipeperuke, akageuka akaenda. Alitembea wima hadi akaingia kwake.

Karatasi ilikaa pale siku mbili. Usiku mke wangu alikuwa anaifunika kwa bakuli isinyeshewe, lakini hakuipanda. Siku ya tatu asubuhi nilimwona ameichukua, ameifungua, anawaita kuku. "Kuru kuru kuru." Kuku wakaja mbio. Mkono wake ulikuwa umeshainuka.

"Usiwape," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ni mimi."

Alinitazama, hakuelewa. Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuku wakituzunguka miguuni: pampu, dawa iliyobaki chini, maharagwe, jinsi nilivyoiosha. Yalitoka kwa haraka na bila mpangilio.

"Ulijua lini?"

"Zilipoanza manjano."

"Kabla hujaja Merigi?"

"Kabla."

Alikunja karatasi polepole, akaikunja tena, akaishika kifuani. "Mimi nimemsema huyo mama. Nimempigia mtu simu nikamsema. Juzi nimemtukana hapa, ameniletea mbegu. Umetumia mdomo wangu."

Niliwafukuza kuku miguuni.

"Na pampu ilikuwa ya nini? Si nilikuachia kopo?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu. La dawa nilisema, la uongo nilisema, hili sikutaka kulisema. "Walinicheka," nikasema mwishowe. "Pale kwa majani. Waliniona na kopo."

"Kopo," akasema. Alisema neno hilo moja tu, akaingia nyumbani kwa gongo lake.

Jioni aliniambia nitakayofanya. Hakupaza sauti. Chama chao kinakutana Jumatano, zamu ilikuwa nyumbani kwa mama mmoja karibu na kanisa. Yeye ataenda, mama jirani ataenda kwa sababu hajawahi kukosa hata baada ya kuchekwa, na mimi nitaenda.

"Nitaenda kwake peke yake," nikamwambia. "Nimwombe msamaha nyumbani."

"Ulimsema nyumbani?"

Nilivaa koti ninalovaa kwa mazishi. Akina mama walikuwa kumi na zaidi, wamekaa kwenye viti vya plastiki, na waliponiona walidhani nimeleta habari ya msiba. Mimi nimezoea kusimama mbele ya watu. Kwenye harambee mimi huitwa. Lakini pale nilivua kofia kabla sijaambiwa niseme.

Nilisema mambo machache. Kwamba saga za mke wangu hazikuuawa na sabuni. Kwamba nilizinyunyiza kwa pampu yenye dawa ya magugu. Kwamba nilijua, na nikamwekelea huyu mama kosa langu, na nikaona mkichekelea miche yake sokoni na nikanyamaza. Mama mmoja akauliza, kwani nilikuwa napeleka pampu kwa mboga kwa nini. Nikawaambia na hilo pia.

Yule mama aliyekuwa amenusa mche sokoni akaangua kicheko, kile cha kuziba mdomo.

"Kwa hivyo kushika kopo ndiyo ilikuwa aibu," akasema. "Kusema uongo haikuwa aibu?"

Wengine wakacheka. Kicheko cha kwenye kibanda cha majani nilikijibu kwa mzaha. Hiki sikuwa na cha kukijibu. Nilisimama na kofia mkononi hadi wakamaliza. Mama jirani hakucheka. Alikuwa amekunja mikono, ananiangalia. Alipoongea walinyamaza wote.

"Siku ile umenyunyiza, mimi nilikuja na beseni. Tukataniana. Siku hiyo ulijua umeua?"

"Siku hiyo bado. Nilijua baada ya wiki."

"Basi hiyo wiki moja nimekusamehe," akasema. "Hii miezi mingine, bado. Nitaangalia."

Akamgeukia mwenyekiti wao, akamwomba waendelee na mkutano. Nikatoka. Nje kulikuwa na manyunyu na sikuvaa kofia hadi nilipofika nyumbani.

Sasa ni kiangazi kingine. Saga za ile karatasi ziliota, mke wangu amechagua mashina ya mbegu, na jioni mimi ndiye ninayezipa maji, kopo moja kwa shina moja. Wanaume walisikia habari yote, walinicheka wiki mbili, kisha wakapata mtu mwingine. Miche ya mama jirani inanunuliwa, na yule aliyeinusa ndiye mteja wake mkubwa. Mama jirani na mke wangu wamepatana tena. Haikuwa siku moja. Mke wangu alienda kwake mara nyingi, na mara za kwanza alirudi haraka.

Wiki iliyopita nilimfuata huko, kulikuwa na mgeni nyumbani anamtaka. Nilisikia sauti zao kabla sijafika, wanaongea kwa kupokezana, wanacheka, sahani ya mbegu katikati wanapepeta makapi. Niliposimama uani wakanyamaza wote wawili. Mwenyeji alinisogezea kiti vizuri, akaniletea chai, akaniuliza kama ng'ombe wanapata nyasi na ukavu huu. Nikamjibu kwamba wanapata. Akasema ni vizuri. Aliniongelesha hivyo, kwa heshima, jinsi mtu anavyomwongelesha daktari wa mifugo aliyepita njia.

Nilikunywa ile chai ikiwa moto bado, nikaaga. Mke wangu akasema atanifuata. Nilikuwa sijafika hata barabarani nikasikia wameanza tena, na mmoja wao akacheka kwa sauti kubwa. Nilitaka sana kujua ni nini. Niliendelea kutembea.